Mwongozo kamili: Kuchangia vifaa vya sayansi shule zetu za Dodoma, anza na praktiko usianze na kifaa

Ndugu zangu, hasa nyie mliosoma shule za kata huku Dodoma na Singida, mkapata kazi, na sasa kila mwisho wa mwaka kwenye grupu la WhatsApp mnaulizana "jamani shule yetu tuipelekee nini", huu mwongozo ni wa kwenu. Nimeuandika mrefu makusudi maana vitu vinavyoharibu michango ya namna hii ni vidogo vidogo, ukiviruka hela yote inalala kabatini.

Mara ya kwanza tulivyochanga sisi tulinunua hadubini moja nzuri sana, ile ya taa ya umeme, tukaipeleka shule moja wilaya ya Chamwino. Tulipokelewa vizuri, wazee wakatusalimia mbukwenyi, tukala ugali wa uwele na mlenda, picha zikapigwa. Baada ya miezi kama nane nikapita pale nikaomba kuiona, nikaikuta kwenye boksi lake, nailoni haijatolewa. Shule haikuwa na umeme. Alafu mwalimu wa kemia akaniambia taratibu tu, "Kaka, mimi nina watoto 54 kidato cha nne na bureti mbili, na moja imekatika ncha, hivi vingine ningewaambia mngeniuliza." Bureti ni lile bomba refu la kioo lenye namba na koki chini, la kupimia na kutonesha kimiminika. Hiyo kauli iliniuma mpaka leo, kwasababu kweli hatukumuuliza. Tulimuuliza mkuu wa shule "mna shida gani", akasema vifaa vya maabara, basi, sisi tukachagua wenyewe.

Kwahiyo jambo langu kubwa ni hili: usianze na kifaa, anza na praktiko. Chagua jaribio moja ambalo watoto watalifanya muhula huu, lijaze kuanzia kwenye maji mpaka kwenye karatasi, alafu nenda la pili. Shule yenye praktiko tatu zilizokamilika iko mbali sana kuliko shule yenye vifaa thelathini ambavyo kila kimoja kinakosa mwenzake.

Kuhusu majengo, wengi mnakumbuka ile kampeni ya maabara tatu kila shule ya kata, enzi za Rais Kikwete, mwaka 2014 huko wazazi wanachanga matofali na mchanga. Majengo mengi yalisimama. Shida ni kilichomo ndani. Utakuta chumba kimeandikwa maabara ya fizikia lakini ni stoo ya mahindi ya chakula cha mchana au darasa la ziada, na mwalimu anachora bureti ubaoni kwa chaki. Na mtihani wa taifa wa kidato cha nne una praktiko ya kweli, mtoto anakaa mbele ya bureti anatakiwa kusoma namba, sasa kama siku hiyo ndio anaishika mara ya kwanza tumemuonea.

HATUA YA 1: Chagua shule moja na upite mlango sahihi

Moja. Msigawe laki kadhaa kwenye shule tano. Nenda kwa mkuu wa shule, shule ya msingi ni mwalimu mkuu, jitambulishe, muachie barua fupi inayosema nyie ni kina nani, mnataka kuchangia nini na lini, nakala iende kwa afisa elimu kata na afisa elimu sekondari wa wilaya, au wa msingi kama ni msingi. Sio urasimu wa bure huo, vifaa vikishaingia shuleni ni mali ya umma, vinaandikwa kwenye leja, na mkuu akihamishwa kesho mwenzake anajua vilitoka wapi na viko vingapi. Na ofisi ya wilaya inaweza kuwaambia kwamba shule hiyo ina vifaa vinakuja mwezi ujao, mkaokoa hela.

Usiende mwezi wa kumi na moja, shule iko kwenye mitihani ya kidato cha pili na cha nne, hakuna mtu wa kukusikiliza. Muda mzuri wa kwenda kuongea ni mwezi wa tano au wa sita mwanzoni, alafu vifaa vifike shule ikifungua mwezi wa saba. Kwanza ni kiangazi, makorongo yamekauka, gari inapita. Wale mnaojua barabara za ndani za Bahi, Chemba au Mpwapwa mwezi wa pili mnanielewa.

HATUA YA 2: Kaa chini na mwalimu wa somo

Hapa ndio penyewe. Muombe mkuu akukutanishe na walimu wa fizikia, kemia na bailojia, na fundi sanifu maabara kama yupo, mara nyingi hayupo na mwalimu wa kemia ndio kila kitu. Kaeni maabara, sio ofisini kwa mkuu, maana mbele ya mkuu mwalimu kijana hawezi kukwambia kwamba kabati halina kufuli.

Mwambie afungue azimio la kazi la muhula. Kwa kila mada yenye praktiko muulize: hii mwaka jana uliifanya kwa mikono au kwa maneno? Kama kwa maneno, nini kilikosekana? Darasa lina mikondo mingapi, watoto wangapi kila mkondo? Maji mnatoa wapi? Umeme upo, na ukikatika? Vitu mnafungia wapi? Nani anabaki na ufunguo? Usimuulize "unataka nini", ukimuuliza hivyo atakuandikia orodha ya ukurasa mzima ya vitu vyote alivyowahi kuviona chuoni, na sio kosa lake, amezoea kwamba wageni wanakuja mara moja.

Alafu ombeni mhesabu pamoja vilivyopo. Fungua kila droo. Mimi nimewahi kukuta bika (glasi za maabara) mpya arobaini chini ya meza ambazo hata mwalimu aliyehamia juzi hakuzijua, na tulikuwa tunakaribia kununua nyingine. Vilivyovunjika navyo viandike, ammita (vile vipima umeme) nyingi zinazosemwa mbovu zina waya uliochomoka tu, fundi redio wa mjini anarudisha kwa hela ndogo.

HATUA YA 3: Piga hesabu ya praktiko moja nzima

Tuchukue titresheni, yaani kutonesha asidi kwenye besi kwa bureti mpaka rangi ibadilike, maana ndiyo inayolilia vifaa kuliko zote. Tuseme kuna mikondo miwili ya watoto 50. Vikundi vya watano watano, ni vikundi 10, na mikondo inapokezana, kwahiyo seti 10 zinatosha wote, huhitaji 20. Kikundi cha zaidi ya watano wawili wanafanya na wengine wanaangalia dirishani, kwahiyo kama hela ni ndogo bora praktiko moja yenye seti 10 kuliko tano zenye seti mbili mbili.

Seti moja ni bureti, stendi yenye kibanio, pipeti (mrija wa kioo wa kupimia) ya mililita 25 na kifaa chake cha kuvutia maji, flaski za koni mbili, bika mbili, faneli ndogo, na karatasi nyeupe au kigae cheupe cha kuweka chini ili rangi ionekane. Zidisha mara 10, ongeza bureti mbili na pipeti mbili za akiba maana ncha zitavunjika, hilo halina mjadala. Ukipata bureti zenye koki ya plastiki chukua hizo, za koki ya kioo zikikaa na sodiamu haidroksaidi bila kuoshwa zinaganda hazifunguki tena. Stendi fundi wa kuchomelea wa hapo mtaa wa Majengo mjini anakutengenezea kwa nondo na bati zito chini, mpelekee moja ya mfano.

Sasa kemikali. Kila kikundi kinafanya jaribio la kubahatisha moja na matatu ya kuandika, kila moja mililita 25, ni mililita 100, weka na za kusuuzia na za kumwagika, fanya mililita 200. Vikundi 10 ni lita 2 za besi, hapa ni sodiamu haidroksaidi, na lita 2 za asidi. Lita 2 za sodiamu haidroksaidi ya molari 0.1 (ndio ukali wake) zinahitaji gramu 8 tu. Gramu nane! Chupa ya gramu 500 inafanya praktiko hiyo zaidi ya mara 60. Asidi hidrokloriki nzito ya dukani, ile ya kama asilimia 35, mililita 18 hivi zinatosha lita 2. Kwahiyo mnaona, kemikali sio zinazokula hela, ni vioo. Ila watu wanaenda dukani wananunua makemikali ya katoni nzima kwasababu yanaonekana mengi mezani siku ya makabidhiano.

Kitu kingine kinachosahaulika kila mara ni mizani. Huwezi kupima gramu 8 kwa jicho. Mizani ndogo ya dijitali inayosoma mpaka 0.01, zile masonara na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia, ni ya bei ndogo na ndio inafanya chupa zote zile ziwe na maana. Nunua mbili na betri za akiba.

Kiashiria, ile rangi inayoonyesha asidi na besi zimelingana: methili oranji gramu 1 inafanya lita nzima na inayeyuka kwenye maji, nzuri kwa asidi hidrokloriki na sodiamu kaboneti. Fenolfthalini inataka spiriti kuyeyuka, kwahiyo ukinunua unga wake bila spiriti umemuachia mwalimu kazi.

Na maji, jamani, maji. Huku kwetu visima vingi vina chumvi, na maji ya chumvi yanaharibu titresheni, majibu hayaendani na hesabu na mwalimu anaonekana hajui. Suluhisho letu lilikuwa madumu matano safi ya lita 20 na kipande cha gata kwenye bati la maabara, mvua za mwezi wa kwanza zikija wanaacha ya kwanza kwanza ioshe bati alafu wanakinga. Madumu yanafungwa, yanaandikwa MAABARA, yanakaa kivulini, na yanatosha praktiko za mwaka mzima. Kuosha vyombo maji ya kisima sawa, ila suuza ya mwisho iwe ya mvua. Weka na ndoo mbili za bomba, zile tulizozizoea kipindi cha korona, maana maabara nyingi masinki yapo na mabomba hayajawahi kutoa tone.

Kwa kidato cha kwanza na cha pili wala usihangaike na bureti. Sirinji za mililita 10 za duka la dawa, bila sindano, zinafundisha kupima na kutonesha vizuri kabisa. Bureti ziachie kidato cha tatu na cha nne ambao lazima mkono uzoee koki.

HATUA YA 4: Fizikia, ambayo nusu yake unaitengeneza

Penduli: uzi, jiwe dogo au nati ya bolti, rula ya mita, stopwochi. Rula za mita mpe fundi seremala vipande vya mbao vilivyonyooka na kipimo cha fundi nguo kigundishwe juu kwa gundi nzuri, ila moja au mbili nunua za kiwandani za kulinganishia. Stopwochi nunua 10, usiseme watatumia simu, simu kwa wanafunzi zimekatazwa na ya mwalimu ni moja. Siku ya kujaribu funga uzi wa mita moja, hesabu mizunguko 20, inatakiwa iwe kama sekunde 40. Ikija 40 na watoto wameihesabu wenyewe utaona nyuso zao.

Mwanga: fundi vioo anakata vipande vya kioo kinene, unamuomba asage kingo zisikate watoto, ndio kioo cha mstatili cha kupindisha mwanga. Hapo hapo anakukatia vioo vya kujitazamia vidogo vidogo. Pini za ofisini, na ubao wa kuchomekea pini ni ndala kuukuu, soli yake inashika pini kuliko katoni. Kusanyeni ndala mtaani bure.

Springi na mizigo: springi nunua zinazofanana, kumi. Mizigo ya gramu 50 na 100 jaza mchanga kwenye vichupa vidogo vya plastiki ukipima kwa ile mizani, ziba, andika uzito kwa kalamu isiyofutika.

Umeme ndio unataka hela zaidi kidogo. Ammita na voltimita za mshale kwa watoto, maana kusoma mshale ndio wanachotakiwa kukijua, multimita moja ya dijitali ya mwalimu. Betri kubwa za tochi, vishikio vyake, waya, balbu ndogo, swichi. Waya wa nikromu unatoka kwenye koili ya jiko la umeme lililoungua, mafundi wanazo. Mwambie mwalimu betri zitolewe kwenye vishikio kila baada ya kipindi, zikisahaulika likizo zinavuja zinakula chuma, seti nzima inakufa kimya kimya.

HATUA YA 5: Bailojia na zile za nyumbani

Vipimo vya chakula vinafanyika kwa vitu vya kwetu. Wanga ni unga wa muhogo, iodini ya duka la dawa ikichanganywa na maji inageuza kuwa bluu nyeusi. Sukari ni glukosi ya dukani au juisi ya zabibu, na sisi Dodoma zabibu tunazo, ukiitia mchanganyiko wa benedikti, kemikali ya kupimia sukari, ukachemsha inakwenda kijani, njano, mpaka rangi ya tofali. Kwa kuonyesha rangi chukueni zabibu nyeupe, nyeusi zinachanganya macho. Protini ni ute wa yai na sodiamu haidroksaidi na matone ya kopa salfeti, inakuja zambarau. Mafuta ni alizeti. Kwahiyo kinachonunuliwa ni testi tyubu, vishikio vya mbao, na zile kemikali chache. Testi tyubu ziwe za kioo kinachovumilia moto, muulize muuzaji wazi wazi, za kioo cha kawaida zinapasuka mkononi mwa mtoto.

Moto: kama hakuna gesi, motopoa ile ya kupashia chakula mahotelini, weka kwenye kizibo cha soda, inawaka safi haitoi masizi kama mafuta ya taa. Ila mwali wake wa moto mchana hauonekani vizuri, kwahiyo sheria ni kwamba hakuna kuongeza motopoa kwenye kizibo ambacho unadhani kimezima. Acha kipoe kwanza. Hili mwandikie mwalimu ukutani.

Hadubini sijaikataa, msinielewe vibaya. Ila iwe ya kioo cha chini kinachovuta mwanga wa jua, au ya taa ya kuchaji, na iwe na kifuniko, vumbi la huku na ule upepo wa mwezi wa saba na wa nane linaingia kwenye lenzi mwezi mmoja tu. Ongeza karatasi za lenzi na slaidi tupu.

Kwa shule za msingi ni rahisi zaidi na ningependa watu wengi waanzie huko, maana mtoto anayepoteza hamu ya sayansi darasa la tano sekondari hutamkuta maabara. Huko peleka sumaku, lenzi za mkono, vipimajoto, betri na balbu, rula, sirinji, maputo, mishumaa, na rozela. Rozela, ile choya yetu iliyojaa sokoni, ukiichemsha maji yake ni nyekundu kwenye siki au ndimu na yanageuka kijani kibichi kwenye magadi soda au maji ya majivu. Hakuna kemikali ya hatari hapo na watoto wote 80 wanafanya. Lebo ziandikwe Kiswahili kwa msingi, sekondari weka lugha zote mbili kwasababu wanasoma na kufanya mtihani kwa Kiingereza.

HATUA YA 6: Vitu vya kukataa kupeleka hata ukipewa bure

Kemikali zilizopitwa na muda au zisizo na lebo, hata kama zimetoka maabara kubwa ya mjini inayosafisha stoo. Vipimajoto vya zebaki, chukua vya spiriti, zebaki ikimwagika sakafuni hakuna wa kuiokota salama. Metali ya sodiamu, asidi nzito za lita nyingi, fomalini. Vifaa vya umeme kwa shule isiyo na umeme, nimeshasema. Kompyuta kuukuu zisizowaka, watu wanaziita mchango wakati wanahamisha takataka, na shule inashindwa kuzitupa kwasababu zimeingia kwenye leja.

Kwa walioko nje wanaotaka kutuma kontena: ongeeni na wakala wa forodha kabla mzigo haujapanda meli, na muwe na barua ya halmashauri mkononi, gharama za bandarini zinaweza kuzidi thamani ya mzigo. Ushauri wangu wa kweli, tumeni hela, vitu vinunuliwe hapa, na kikivunjika kinapatikana cha kufanana nacho.

HATUA YA 7: Kununua

Ulizeni bei maduka matatu, hapa Dodoma mjini na Dar, bei zinatofautiana sana kwa kitu kile kile. Ankara iandikwe jina la shule. Kemikali zinunuliwe kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, na mbali na sheria, kwa muuzaji wa uhakika unapata chupa yenye lebo, tarehe na maelezo ya tahadhari. Kwenye "maji ya betri" mwe makini, kuna yaliyochujwa na kuna ambayo ni asidi yenyewe, na watu wanayaita jina moja.

Asilimia kama 15 hivi ya hela yote msiitumie. Itafungwa kwa ajili ya muhula unaofuata, nitaeleza mwisho. Na ndani ya bajeti lazima viwemo kabati lenye kufuli, miwani ya plastiki ya fundi wa kusaga vyuma, glavu, ndoo mbili za mchanga za kuzimia moto, na magadi soda kilo kadhaa ya kumwagia asidi ikidondoka. Pipeti haivutwi kwa mdomo, ndio maana nimesema kifaa cha kuvutia, ukikosa kabisa sirinji na kipande cha mpira inafanya kazi.

HATUA YA 8: Kufunga na kusafirisha

Kila bureti kwenye bomba la plastiki la maji lililokatwa, ncha imeviringishwa kitambaa. Vioo vingine gazeti, alafu katoni ndani ya katoni na pumba za mpunga katikati. Kemikali gari moja na watu wanaozijua, wima, asidi na besi mbali mbali, asidi ndani ya ndoo yenye magadi chini yake. Msipakie kemikali kwenye basi la abiria, na asidi isibebwe kwa bodaboda hata kama ni chupa moja.

Na hili nasisitiza kuliko yote kwenye usafiri: USIHAMISHIE kemikali kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hata kwa dakika kumi. Mtoto mwenye kiu kaja mguu kilomita nne, akiona chupa ya maji mezani atakunywa. Kila chombo kiwe na lebo, na lebo ifunikwe na selotepu maana wino unafutika.

HATUA YA 9: Makabidhiano, na kipindi cha kwanza

Fupi. Orodha nakala tatu, ya shule, ya kata, ya kwenu, kila kitu kihesabiwe mbele ya mkuu, mwalimu wa somo na mjumbe wa bodi ya shule, waandike kwenye leja hapo hapo, wasaini. Shule isitumie hela yake ya uendeshaji kuwapikia, wala mzazi asichangishwe kwa ajili ya ugeni wenu, semeni mapema kwamba mnakuja na chakula chenu. Picha za watoto ombeni ruhusa, na msiwapange wakiwa wameshika flaski tupu wakati hakuna kinachofanyika.

Badala ya hotuba muombeni mwalimu afanye kipindi chenyewe siku hiyo, kile kile cha titresheni, na nyie mkae nyuma. Mwalimu awe amekijaribu peke yake jana yake, hiyo ni heshima kwake, maana kuna walimu wazuri tu ambao nao walisoma kwa ubao na hawatasema mbele za watu. Kama kwenye grupu lenu kuna mtu kasoma kemia akae naye hiyo jioni ya kujaribu, kama wenzake, sio kama mkaguzi. Kwenye kipindi mtaona mapungufu ambayo hakuna orodha ingeyaonyesha. Sisi tuligundua meza ziko juu sana na watoto wanasoma bureti kwa kuinua shingo, kila kikundi kikakosea kipimo, basi stendi zikashushwa kwenye stuli jicho likawa sawa na maji.

Mwisho wa kipindi kila kikundi kinaosha, kinahesabu, kinarudisha, na kiongozi wa kikundi anasaini daftari. Weka daftari hilo siku hiyo hiyo likiwa na safu tatu tu: tarehe na praktiko, kilichovunjika, kilichoisha. Mtoto aliyevunja asichapwe wala asilipishwe, semeni hivyo mbele ya mkuu mkubaliane. Shule inayolipisha bika mwalimu anaogopa kulitoa kabatini na watoto wanaogopa kulishika, na bureti zinaishia kuwa mpya milele. Mabaki ya asidi yachanganywe na magadi mpaka povu liishe, yamwagwe kwenye shimo mbali na kisima.

HATUA YA 10: Kurudi muhula unaofuata

Ile asilimia 15 mliyoificha kazi yake ni hapa. Baada ya miezi mitatu minne mpigie mwalimu wa somo, muombe akupige picha ya lile daftari. Kama kurasa zimejaa, bureti tatu zimevunjika, methili oranji imeisha, betri zimekufa, furahini, vimetumika. Nunueni hivyo vilivyoandikwa na hivyo tu, pelekeni bila hafla. Kama daftari ni jeupe msigombe, nendeni mkakae naye tena maabara muulize ni nini kimekwama, mara nyingi ni kitu kimoja kidogo, ufunguo yuko nao mtu ambaye hayupo, kipindi kimepangwa dakika 40 wakati praktiko inataka 80, au mwalimu kahamishwa na mpya hajui kilichomo.

Kwenye ile shule ya Chamwino tulirudi hivyo. Hadubini ile ya taa mkuu wa shule aliandikiana barua na wilaya ikahamishiwa shule nyingine yenye umeme, na sisi tukaleta bureti kumi. Mara ya mwisho nilipopita, mwalimu wa kemia alinionyesha daftari, praktiko 11 kwa muhula mmoja, na pembeni kwa kalamu nyekundu kaandika anachohitaji mwezi wa saba: pipeti mbili, betri nane, spiriti lita moja, na kipande kingine cha gata maana mbuzi wamelivunja lile la kwanza.